Mji Ulioungua

Winfrida alikuwa amezoea kuusikiliza mwili wake kama mtu anavyoisikiliza nyumba anayohisi ina mgeni ndani. Akiosha vyombo, anasikiliza. Akisubiri maji bombani pale Bangwe, mjini Kigoma, anasikiliza. Mimba tatu zilikuwa zimepita ndani yake na kuondoka kabla hajazizoea, na kila moja iliondoka kimya: uzito kidogo kiunoni asubuhi, doa kwenye nguo, kisha siku nzima ya kulala akitazama ukuta. Hakuna hata moja iliyofika mahali pa kuonekana na majirani. Mtaani walijua tu kwamba mke wa Heritier hazai. Wenye adabu walisema, "Bado."

Alizaliwa Mwandiga, kwa wakulima wa mihogo na maharage, Kiha kikiwa lugha ya jikoni na Kiswahili lugha ya shule. Mumewe, Heritier, alikuwa fundi wa injini za boti, mtu mpole mwenye mikono inayonuka petroli hata siku ya Jumapili. Ukoo wake ulivuka ziwa kutoka Kongo tangu enzi za babu yake. Mama yake Heritier, Mama Elida, aliishi nao. Hakuwa mkwe mkorofi. Hakuwahi kumtukana Winfrida. Ila tangu mimba ya tatu itoke, alikuwa na tabia ya kumtazama mwanawe akila, kisha kusema taratibu, kama anayezungumzia mvua, "Mwaka huu nitauvumilia." Heritier alikuwa akiendelea kula. Winfrida naye alikuwa akiendelea kupakua. Wote watatu walijua maana yake: mwaka ukiisha, ataletwa mke mwingine.

Kazi ya ukalimani ilimjia kwa bahati mbaya ya watu wengine. Mwaka 2015, Warundi walipoanza kukimbia na kujazana kwenye ufuko wa Kagunga, kisha wakaletwa Kigoma kwa meli, kila aliyejua Kiha akawa mtu wa maana, kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu wanaoelewana hata wakigombana. Winfrida alivalishwa fulana ya kazi akasimamishwa katikati, huku waganga, kule wakimbizi. Unaharisha tangu lini? Huyu mtoto ni wa nani? Mwenzako yuko wapi? Maneno yaliingia kwake upande mmoja yakatokea upande wa pili, na baada ya siku chache akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwonya. Mkalimani huipata habari kabla ya mwenyewe. Mara nyingi alijua kwamba mwanamke aliyeketi mbele yake ni mjane, na mwanamke huyo bado anamuuliza mume wake ataletwa na meli gani.

Wengine wao walikuwa na mimba. Hapo Winfrida hakuhitaji kufundishwa. Kwao Mwandiga, mwenye mimba haambiwi msiba, na anayenyonyesha vivyo hivyo, maana inasemwa kwamba maziwa hugeuka. Habari huwekwa. Ndugu huvua nguo za matanga mlangoni, huingia wakicheka, na msiba hukaa nje ya nyumba mwaka mzima, hata miwili, mpaka mtoto aachishwe ziwa. Kwa hiyo mganga aliposema, "Mwambie mumewe amefariki alfajiri," Winfrida alilitazama tumbo la yule mwanamke, akasema kwa Kiha chake, "Amehamishiwa hema jingine." Mwanamke akamshukuru. Mganga akadhani anaona mtu jasiri.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tayari, bila kujua, kumwelewa Daktari Leonardi.

Daktari Leonardi alikuja miaka miwili baadaye, akakodi chumba Ujiji, nyuma ya duka la magodoro. Alikuwa mzaliwa wa Ruvuma, mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyejua neno moja la Kiha. Alikuwa akichunguza kwa nini baadhi ya wanawake hupoteza mimba changa mfululizo, na alitaka hasa wale waliopita kwenye taabu kubwa: waliokimbia, waliolala porini, waliovuka maji. Wengi walikuwa kambini, upande wa Kasulu, lakini wengine walikuwa mjini hapo hapo bila kibali, wamejibanza kwa ndugu, wakianika dagaa Katonga. Hao ndio Winfrida aliotakiwa kuwatafsiria.

Siku ya kwanza alimuuliza, "Daktari, unatafuta nini humo ndani?"

Daktari akafikiri kidogo. "Wewe unajua Katonga mvua ikinyesha inakuwaje?"

"Dagaa hawakauki."

"Na boti zikiendelea kushusha?"

"Wanaoza. Inabidi mtu akimbie ufukweni awaambie wavuvi wasishushe."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Daktari. Akamweleza kwamba mwili umejengwa kwa chembe hai, ndogo kupita macho, na kila chembe ni kama karakana. Katikati yake kuna kumbukumbu ya amri zote. Amri haitoki yenyewe. Hunakiliwa, na nakala hiyo hutumwa kama mjumbe hadi pale protini zinapotengenezwa. Utando wa ndani wa tumbo la uzazi hufanya kazi hii kwa pupa kila mwezi, ukijitandika kumpokea mgeni ambaye pengine haji. Kazi ikizidi, protini hukunjika vibaya, hurundikana, na chembe huingia kwenye msongo. Msongo kidogo ni wa kawaida, hata unahitajika. Ukizidi na kukaa, chembe hujiua.

"Sasa kuna vipande vidogo mno," aliendelea, "vinaitwa maikro-RNA. Havibebi amri yoyote. Kazi yao ni kumkamata mjumbe njiani na kumziba mdomo. Amri ipo, mjumbe yupo, lakini haisomwi. Vikifanya kazi kwa kiasi, vinaiokoa chembe isizame kwenye kelele zake. Vikizidi, au vikimziba mjumbe asiyestahili, kijusi kinabisha hodi kwenye utando na utando hausikii. Na mlango huo uko wazi siku chache tu."

Winfrida alitafuta neno. "Wanyamazishi," akasema.

"Ehe?"

"Hivyo vitu vyako. Ni wanyamazishi."

Daktari alicheka, akalipenda neno hilo, akaanza kulitumia. Winfrida hakucheka. Alikuwa akifikiria hema la wakimbizi na yule mwanamke aliyemshukuru. Jioni ile alijilaza kitandani akiwa na mkono tumboni, na kwa mara ya kwanza ukimya wa mle ndani haukuonekana kwake kuwa utupu. Ulionekana kama watu wengi wamesimama wameshikana midomo.

Wiki iliyofuata naye alimpa Daktari kipande cha utando wa tumbo lake la uzazi, kipimwe. Hakumwambia mtu nyumbani.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye adabu. Tumbo la uzazi lina jina lake kwa Kiha, na Winfrida alilijua tangu utotoni, lakini ni neno ambalo mwanamke halitamki mbele ya mwanamume, seuze mwanamume mgeni anayemtazama mdomoni akisubiri. Waswahili wanasema kizazi, ila mjini walishaanza kunong'ona kwamba kile chumba cha nyuma ya magodoro kinachukua vizazi vya watu, na Winfrida hakutaka kuupa uvumi huo kuni. Likabaki neno safi la vitabu, mji wa mimba. Hata hilo lilimtia haya. Akalikata. Akawa anasema "mji" basi, neno la Kiswahili katikati ya sentensi ya Kiha, akiamini kila mwanamke ataelewa.

Melania aliingia asubuhi ya joto, akiwa na magamba ya samaki kwenye vifundo vya mikono. Alikuwa na mwanya mpana na kicheko cha kumtangulia. Alitoka pwani ya juu ya ziwa, ng'ambo ya mpaka, Burundi, na alipoteza mimba mbili tangu avuke. Nje, kwenye benchi, wenzake wawili wa Katonga walikuwa wakisubiri zamu, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya upepo.

"Daktari anataka kujua," Winfrida akamwambia, "mji wako ulianza kuharibika lini."

Kicheko cha Melania kikazimika. "Mwaka ule ule wa vurugu. Mwezi wa nne."

"Anasema mwezi wa nne, mwaka juzi," Winfrida akatafsiri. Daktari akaandika.

"Na sasa mji unajisikiaje?"

Melania alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la kikatili. "Mji wangu uliungua," akasema. "Uliungua wote."

"Anasikia kuungua, Daktari."

"Upande gani?"

"Upande gani?" Winfrida akauliza.

"Upande wa ziwani kwanza. Halafu kote."

Winfrida akasita kidogo. Lakini wanawake wana namna zao za kusema, na mtu mwenye maumivu husema lolote. "Anasema kunaanzia mbele, kunaenea." Daktari akaandika hilo pia, kwa mwandiko wake mzuri.

"Mwambie tutachukua kipande kidogo tu, siku nyingine, si leo. Hakitamdhuru."

"Watachukua kipande kidogo cha mji wako," alisema Winfrida. "Wakipime."

"Wakipeleke wapi?"

"Dar es Salaam. Huko ndiko kuna mashine."

Melania akainuka polepole. Alimshukuru Daktari, akamshukuru Winfrida, akaufunga vizuri mtandio wake. Mlangoni aligeuka. "Wewe ni mtu wa huku," akamwambia Winfrida kwa sauti ndogo. "Ungeniambia ukweli, sivyo?"

"Si ndio ninaokuambia?"

Hakurudi. Wala wale wa kwenye benchi hawakuingia. Daktari alisema hutokea, watu huogopa sindano. Winfrida alikubali, kwa sababu siku hizo masikio yake yalikuwa yameelekezwa kwingine. Alikuwa amepitiliza siku zake.

Safari hii Mama Elida aligundua kabla ya kuambiwa. Alimwona Winfrida akikaa mbali na moshi wa samaki, migebuka, akauchukua mwiko mkononi mwake. "Toka hapo," akasema. "Kuanzia leo mimi ndiye ninayepika." Na kuanzia hapo nyumba ikabadilika. Redio ikahamishiwa kwa jirani. Simu ya Winfrida ikazimwa, ikafukiwa kwenye debe la mchele. Kazi ya Ujiji ikasimama. Heritier alikwenda mwenyewe kumwambia Daktari kwamba mkewe anaumwa mgongo. Mlangoni pakawekwa kiti, na juu ya kiti akawekwa Mama Elida, akichambua sombe, majani ya mihogo, siku nzima. Kila mgeni alipitia kwake na kila habari ilipimwa pale kabla ya kuvuka kizingiti. Bomba limekatika? Ipite. Mtoto wa fulani amezama? Ibaki nje.

"Mama, nitaoza humu," Winfrida alisema siku moja.

"Oza tu. Ila yeye asitoke."

Winfrida alicheka, kisha akaona kwamba mkwe wake hacheki. Mwaka uliovumiliwa ulikuwa unakaribia mwisho wake. Akageukia ukuta. Ndani ya ukimya ule alianza kuwahesabia haki wanyamazishi. Labda hivi ndivyo inavyotakiwa. Labda mara tatu zile zilizopita kulikuwa na kelele nyingi mno.

Melania alikuja adhuhuri, siku ya soko. Winfrida alikuwa kitandani, dirisha likiwa wazi juu ya kichwa chake, na kiti cha Mama Elida kilikuwa hatua chache tu upande wa pili wa ukuta.

"Hodi hapa."

"Karibu. Wa wapi wewe?"

"Katonga, mama. Ninamutafuta Winifirida. Yule wa kuturudishia maneno."

"Amelala."

"Saa hizi? Jua liko juu."

"Kwani jua ni la kwako? Amelala."

Winfrida aliitambua sauti, akainua kichwa kwenye mto.

"Basi umuulizie, mama," Melania akasema. "Ule mji niliompa, ameupa nani?"

"Mji?" Kiti kikalia. "Umempa mji? We binti! Watu wanapeana kanga, wanapeana kuku. Wewe umegawa mji! Na soko lake?"

"Usinicheke, mama. Waliniuliza mji wangu ulianza kuharibika lini, nikawaambia. Wakauliza uko vipi, nikasema uliungua. Wakaandika. Wakasema kipande kinakwenda Dari Salama. Sasa watu wa kurudishwa wameanza kurudishwa. Wanasema ambaye mji wake umefika Dari Salama, huyo wanamfuata mpaka kitandani, wanampandisha gari, wanamshusha pale pale alipotoka. Na mimi pale, mama, kuna watu wananijua."

"Mimi hayo siyajui."

"Tumekaa tukasema, tutangulie wenyewe. Kimya kimya. Tutelemkie kwingine, kwa mjomba, kabla hatujapelekwa pale. Boti iko Kibirizi, kesho kutwa asubuhi. Lakini nikasema, kwanza nimuulize Winifirida. Kama atasema si kweli, mimi sitapanda."

Winfrida alikuwa ameshaketi. Neno lilikuwa limefunguka mbele yake lote kwa mara moja, mwezi wa nne, upande wa ziwani, kuungua, na Daktari akiandika kwa mwandiko wake mzuri. Aliuona mdomo wake mwenyewe ukilikata lile neno katikati. Sentensi moja ingetosha. Hakuhitaji hata kutoka. Angesema pale pale dirishani, kwa Kiha, kwa jina lake halisi, haya au bila haya: si mji wa nyumba, Melania, ni wa tumbo.

Akaweka miguu chini. Sakafu ilikuwa ya baridi. Na hapo, chini kabisa ya tumbo, kitu kikavuta. Si maumivu. Mvuto tu, kama uzi unaojaribiwa kama umeshika. Aliujua mvuto ule. Mara tatu ulimjia hivyo hivyo, na mara tatu haukuishia hapo.

Akabaki na mdomo wazi.

"Amelala, binti," Mama Elida alisema nje, safari hii bila ukali. "Akiamka nitamwambia."

"Utamwambia kweli?"

"Nitamwambia."

Nyayo zikaondoka juu ya kokoto. Winfrida alirudisha miguu kitandani, mmoja kwanza, kisha mwingine, kama mtu anayerudisha mayai kwenye kikapu. Mvuto ukalegea. Mama Elida aliingia na uji, akamtazama usoni, akaona macho makavu, yaliyo wazi.

"Kulikuwa na mtu?" Winfrida akauliza.

"Muuza karanga," alisema Mama Elida.

Wakatazamana, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua. Winfrida akapokea uji.

Siku iliyofuata mvuto ulikuja mara mbili, ukaenda. Alijiambia kesho. Jioni, Heritier aliporudi, Winfrida alimshika mkono na kumweleza yote kwa kunong'ona, mama yake akiwa jikoni: neno lenyewe, kosa, boti. "Nenda Kibirizi kabla haijaondoka. Waambie ni tumbo. Waambie hakuna aliyeuliza kwao. Melania ana mwanya, utamjua."

"Nitakwenda."

"Heritier."

"Nimesema nitakwenda. Wewe lala."

Alirudi kesho yake saa za mchana, akanawa mikono kwa muda mrefu. "Nimewakuta," alisema, akiwa amempa mgongo. "Nimewaambia. Wamecheka sana. Wametulia."

"Melania amecheka?"

"Amecheka."

Winfrida alimtazama mgongoni. Shati lilikuwa na jasho la mtu aliyekimbia. Angeweza kumuuliza benchi waliloketi, nguo waliyovaa, kicheko kilikuwaje. Alikuwa mkalimani; alijua habari iliyotoka mdomoni mwa mtu na habari iliyotengenezwa njiani. Lakini tumbo lilikuwa limetulia tangu alfajiri, limetulia kama halijawahi. Akasema, "Asante," akafumba macho.

Mimba ile ilishika. Ilipita mahali ambapo zile tatu ziliishia, ikapita mwezi uliofuata, na mwingine, mpaka Mama Elida akairudisha redio mwenyewe na kuanza kuimba jikoni nyimbo za Kikongo za kanisani. Mtoto wa kiume alizaliwa mvua za masika zikianza, akalia kabla hajamaliza kutoka. Wakamwita Lukas. Heritier alilia mbele ya wakunga bila aibu.

Heritier alimwambia mkewe ukweli baada ya ubatizo. Alifika Kibirizi boti ikiwa imeshaondoka. Aliiona, ndogo, imeelekea kaskazini, na wanawake wamekaa wamejitanda mgongo kwa mgongo. Alipiga kelele, lakini injini ilikuwa ni moja ya zile alizozitengeneza mwenyewe, yenye sauti kubwa. "Ningekuambia ungetoka kitandani," alisema. "Na ungetoka kitandani..."

"Najua," Winfrida akasema. Hakumlaumu. Angemlaumu vipi?

Mwezi huo alipanda na mtoto mgongoni hadi Ujiji, akamkuta Daktari Leonardi akifunga vitu kwenye masanduku. Akamweleza kuhusu neno. Daktari alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyopoteza rangi.

"Ni wangapi uliowaambia 'mji'?"

"Wote."

"Kwa hiyo yale ya kuungua..."

"Ni nyumba, Daktari. Na aliyesema mji wake umefungwa, alifungiwa barabara. Na yule wa mji uliojaa maji, ni mto."

Daktari aliketi juu ya sanduku. Kazi nzima ingebidi irudiwe au itupwe. Aliuliza, bila hasira, kama Winfrida anataka kuambiwa jibu la kipande chake mwenyewe. Wanyamazishi wa aina mbili tatu, alisema, walikuwa wengi kwenye utando wake kuliko kwa wanawake wanaozaa bila shida. Kwa karatasi zake, Winfrida alikuwa kati ya wale ambao mlango haufunguki vizuri.

"Lakini umefunguka," Winfrida akasema, akimgusa Lukas mguu.

"Umefunguka."

"Kwa sababu nilinyamaza? Nililala, sikuambiwa kitu, sikusema kitu. Ningenyanyuka siku ile nikamfuata yule dada, huyu angetoka?"

Daktari alimtazama mtoto, kisha mama. Angeweza kumpa jibu la kumfariji upande wowote. "Mstuko wa siku moja hautoi mimba," alisema hatimaye. "Hilo naweza kukuambia. Ungeweza kutoka nje na kusema maneno mawili. Mengine sijui. Tunaona wanyamazishi wamesimama pale, hatujui kama wao ndio wanaofunga au wamekuta pamefungwa."

Winfrida aliteremka kurudi Bangwe kwa miguu sehemu ya njia, kwa sababu hakutaka kukaa na watu. Alitamani angeambiwa kwamba ndiyo, mtoto angetoka.

Tangu hapo alikuwa akipita Katonga mara kwa mara, akisimama kati ya vichanja vya dagaa, akiuliza. Ndugu wa Melania walikuwa wamehama. Wengine walisema boti ilifika, wengine walisema haikuishia ilikokusudiwa. Kisha, Lukas akiwa ameanza kukaa peke yake, akaja mwanamke mmoja mtu mzima kutoka pwani ya juu, Eufrasia, akachukua kichanja cha pembeni na kuanza kazi. Winfrida alimsalimu kwa Kiha, akajibiwa kwa Kirundi. Wakaongea upepo, wakaongea chumvi.

"Mama, huko ulikotoka," Winfrida akauliza, "unamfahamu Melania? Wa mwanya. Aliwahi kuanika hapa hapa."

Mikono ya Eufrasia ikasimama juu ya dagaa. "Melania wa kucheka?"

"Huyo."

Eufrasia aliinua macho. Hakuangalia uso wa Winfrida. Aliangalia kifuani, pale Lukas alipokuwa amejificha ndani ya kanga, akinyonya kwa kelele.

"Huyu ananyonya bado?"

"Ananyonya."

"Ego, ndiyo," alisema Eufrasia taratibu. Akarudi kugeuza dagaa. "Mzuri. Ana afya. Tutaongea, mwanangu, akishaacha ziwa."

Na alikuwa amevaa kicheko chepesi, kile cha mlangoni, ambacho Winfrida alikijua tangu utotoni.

Lukas sasa anakimbia. Ana meno yote, anatukana kwa Kiswahili na kuomba radhi kwa Kiha. Akichoka kucheza huja moja kwa moja, huvuta kanga ya mama yake mbele za watu na kujihudumia. Wanawake wa Katonga wanagongana viganja kwa kicheko. "Huyo atanyonya mpaka aoe!" wanasema. "Mkewe atamkuta ziwani!" Mama Elida amechoka kusema. Alileta jani la shubiri mwenyewe, nene, lenye utomvu mchungu wa kupaka chuchu, jambo la siku mbili tu na mtoto ameacha. Jani liko dirishani, juu ya kitanda kile kile, limekauka na kujikunja.

Winfrida hucheka pamoja nao, hufungua kanga, hunyonyesha. Kwenye kichanja cha pembeni, Eufrasia anageuza dagaa upande wa pili, hana haraka, anasubiri.